Siku Niliyoziba Taa ya Ndege kwa Chingamu

Katika maisha yangu nimesafiri kwa ndege safari moja tu, lakini ndege yenyewe niliipanda mara mbili, asubuhi ile ile, uwanja ule ule wa Kakamega. Watu wa Shianda wanaieleza habari hii vibaya. Wanasema nilirudi kwa sababu ya woga. Mimi sikurudi. Ndege ndiyo ilirudi, nami nilikuwa ndani. Kwa hiyo wacha niandike mwenyewe, na mahali nitakapotoka nje ya njia mnisubiri kidogo, nitarudi.

Huo ulikuwa wakati miwa imeshika. Anayewaona watu wetu leo hawezi kuamini. Malipo ya miwa yakitoka, mtu mzima alikuwa anafanya mambo ya kitoto na hakuna wa kumkanya, maana wote walikuwa wanayafanya. Jirani yangu wa upande wa bondeni, huyu mtamsikia tena, alinunua meza ya kulia chakula Kisumu, meza ya watu kumi na wawili, naye nyumbani walikuwa watano. Ilipofika haikuingia mlangoni. Ikageuzwa hivi, ikageuzwa vile, wapi. Wakala chakula uani juu ya ile meza kuanzia kiangazi mpaka mvua, halafu akajenga nyumba nyingine kuizunguka. Mpaka leo meza imo humo ndani, na haiwezi kutoka mpaka nyumba ianguke.

Mimi nilimcheka sana. Lakini nilikuwa na yangu moyoni. Nilikuwa dereva wa trekta ya kubeba miwa, trekta ya tajiri mmoja, na juu ya hapo nilikuwa na shamba langu dogo la mkataba. Kila siku nikiwa kwenye foleni ya kiwandani, ndege ndogo ya abiria ya kwenda Nairobi ilikuwa inapita juu, nami nahesabu trekta zilizo mbele yangu. Nikasema, hii foleni ikinilipa vizuri mwaka huu, na mimi nitapita juu ya watu.

Sasa sababu ikajileta yenyewe. Binti yangu wa kwanza alikuwa ameolewa Nairobi, na ndiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Ikaja barua. Mke wangu ndiye aliyenisomea, kwa kuwa mwandiko wa mtu hunishinda. Shule niliacha darasa la tatu, siku mwalimu aliponituma kuni, nikazichukua nikaenda nazo moja kwa moja nyumbani. Barua ilisema binti yetu anatapika kila kitu. Chai anatapika, uji anatapika, hata maji yana harufu. Kitu kimoja tu anachokiota ni muwa wa nyumbani. Wa Nairobi alijaribu, akasema una ladha ya moshi.

Mke wangu akakunja barua, akaniangalia. "Baba watoto, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi mtoto asikae na hiyo hamu."

Kwetu mwanamke mwenye mimba akitaka kitu, watu hawaulizi kwa nini, watu wanakwenda kukitafuta. Lakini hapo palikuwa na shida ambayo lazima niieleze, la sivyo mtaona mimi ni mjinga kuliko nilivyo.

Muwa wa mkataba si wako. Umeulima wewe, umeupalilia wewe, umeota nyuma ya choo chako, lakini kampuni ndiyo iliyoleta mbegu na mbolea, kwa hiyo kila ufito ni wake mpaka ufike kwenye mizani ya kiwanda. Ukikutwa umebeba miwa ya mkataba kwenda kwingine, wewe ni mwizi wa shamba lako mwenyewe. Hupelekwi mbali. Unarudishwa tu mwisho wa orodha ya kukatiwa. Wengine wanakatiwa, wewe unangoja, miwa inachanua, inakauka, inakuwa kuni. Mimi zamu yangu ilikuwa karibu. Yote niliyokuwa nayo yalikuwa yamesimama pale shambani yakingoja panga.

Nyuma ya jikoni mke wangu alikuwa na kichaka chake cha miwa ya zamani, ile myembamba na laini ambayo watoto hutafuna wakitoka shule. Hiyo haina mkataba na mtu. Sitaficha, sikuifikiria hata kidogo. Nilijiona nashuka Nairobi na vijiti vyembamba kama vya kuchokolea meno, mkwe wangu akivitazama. Baba mzima hapeleki zawadi nyembamba. Alfajiri nikaingia kwenye shamba la mkataba, nikachagua miwa kumi na miwili, minene kama mkono wangu, nikaiviringisha kwenye blanketi na kuifunga kwa kamba ya katani. Mke wangu aliona blanketi, akadhani ni miwa yake. Sikumsahihisha.

Kwenda uwanjani tulikwenda na trekta. Ndugu yangu mdogo aliendesha, na trela ilijaa ukoo mzima na wamama wa kanisa, na sufuria ya obusuma, ugali wetu, na nyingine ya ingokho, kuku wa kienyeji. Wamama waliimba kutoka Shianda mpaka Kakamega bila kurudia wimbo. Pale uwanjani nikaagwa kama mtu anayekwenda vitani. Nami nikaona watu wananililia, nikaanza kujililia mwenyewe. Nikamwambia ndugu yangu fahali nani atamchukua. Nikamsamehe shangazi yangu maneno fulani ya zamani. Halafu nikamwita jirani yangu, yule wa meza. Tulikuwa na kesi ya mpaka, hatua mbili za shamba, miaka mingi. Nikamshika mkono mbele ya watu wote nikasema, "Zile hatua mbili, chukua. Mimi naenda juu, sijui kama nitarudi." Watu wakapiga makofi. Jirani akalia. Nilijisikia vizuri sana, nisiseme uongo.

Ndipo nikamwona afisa wa mashamba.

Huyu alikuwa afisa wa kampuni, mtu mrefu, kalamu nyuma ya sikio, yule yule anayepita kwetu na daftari kuandika shamba la nani limefika na la nani bado. Alikuwa amesimama na begi lake kando ya ndege. Anasafiri nasi. Nikahisi blanketi linakuwa zito.

Kwenye ndege ndogo kila kitu kinapimwa, hata abiria. Rubani alikuwa kijana mwembamba, shati jeupe, mpole. Akaniambia nipande kwenye mizani. Mimi nimezoea mizani. Kiwandani ukipima trela yako wanatoa uzito wa majani na matope, wanaita uchafu, na uchafu huo ni wao wanaouona, wewe huuoni. Nikamuuliza, "Mtanitoa uchafu kiasi gani?"

"Hapa hatutoi kitu, mzee."

"Basi nyinyi ni waaminifu," nikamwambia.

Ikafika zamu ya blanketi. Rubani akauliza kuna nini. Nikasema ni miguu ya kitanda, cha mtoto atakayezaliwa. Afisa wa mashamba akageuza shingo. Mtu aliyezoea miwa, akiona kitu kirefu macho yake yanakwenda yenyewe.

"Kitanda gani hicho," akasema, "miguu mirefu kushinda mama mwenyewe?"

"Ni cha ghorofa," nikasema.

"Cha mtoto mchanga?"

"Afisa, mtoto wa Nairobi hulala juu."

Akaitengeneza kalamu sikioni. Mfanyakazi wa mizigo alikuwa shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, na yeye nilikuwa nimemwambia ukweli. Kabla ya kazi ya uwanjani, shemeji alipakia miwa kwenye matrela miaka na miaka. Akanikonyeza, akachukua blanketi, akalipeleka nyuma ya ndege kwenye nafasi ya mizigo. Nilisikia akisukuma, akisukuma tena, halafu mlango ukafungwa kwa bega. Kumbukeni hilo bega.

Ndege ilijaa, kwa hiyo mimi nikakalishwa mbele kabisa, kando ya rubani. Afisa nyuma yangu hasa, magoti yake mgongoni mwangu. Rubani akagawa chingamu, kila mtu moja, akasema tukipanda masikio yataziba, kutafuna kunayafungua. Nikatia yangu mdomoni. Tukakimbia, tukaruka. Nilichungulia chini nikaona trela yetu na kanga za wamama, na nadhani nilimwona jirani akipima kitu kwa hatua, lakini labda ni moyo wangu tu.

Wacha niseme kitu kuhusu kupanda juu. Kila mtu ananiuliza uliona nini. Niliona miwa. Huko chini ukiwa kwenye foleni unafikiri miwa ina mwisho mahali. Juu unaona haina. Halafu ukafuata msitu, mweusi, umesongamana kama nywele za mtu aliyelala, na hapo juu ya msitu, upande wa Buyangu, ndipo taa ilipowaka.

Ilikuwa taa ndogo nyekundu mbele yetu, kati ya zile saa nyingi za vipimo, si kubwa kuliko punje ya hindi. Iliwaka tu, haikulia wala kupiga kelele. Rubani akaiona. Mimi nikaiona. Tukaiangalia wote wawili.

"Ni ya nini?" nikauliza.

"Ya mlango wa nyuma, mzee. Inasema haujafungika sawasawa. Kaa tu vizuri."

Mlango wa nyuma ndiko blanketi liliko.

Rubani hakushtuka. Alishika usukani vizuri, akapunguza mwendo, akaangalia nje kama mtu anayetafuta nyumba ya rafiki. Akawaambia abiria wakaze mikanda na mtu asiguse mlango wowote. Halafu akafanya kitu kilichonimaliza. Akaingiza mkono pembeni ya kiti akatoa kitabu.

Mimi nimeendesha trekta miaka mingi. Sijaona dereva anayetoa kitabu barabarani akawa anaijua kazi.

"Kijana," nikamwambia polepole, afisa asisikie, "wewe ulisomea hii ndege au ndiyo unasoma sasa?"

"Hiki ni kitabu cha taa, mzee. Kila taa ina ukurasa wake."

"Na kama ukurasa umechanika?"

"Haujachanika."

Akasoma akifuata kwa kidole. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tutarudi Kakamega, tuangalie mlango. Ni dakika chache tu."

Sasa nieleweni. Wengine mle ndani waliogopa kufa. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa ameanza kuomba, na mwalimu mmoja wa chuo cha Bukura aliyekuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama usukani. Mimi kufa sikukufikiria. Mimi nilifikiria mlango wa nyuma ukifunguliwa mbele ya afisa wa mashamba, blanketi likitolewa, miwa ikitoka, jina langu likishushwa mwisho wa orodha, na binti yangu Nairobi akiendelea kutapika maji.

Nikaamua ndege isirudi.

Kwenye trekta, taa nyekundu zinawakanga kila siku. Ya mafuta, ya betri, ya kitu ambacho hata fundi hakijui. Ukisimama kwa kila taa, hutafika kiwandani, na trekta za nyuma zitakupigia honi mpaka ukasirike. Sisi madereva tulikuwa na dawa yetu. Tulikuwa tunatafuna muwa tukiendesha, na taa ikikusumbua unachukua makapi yaliyo mdomoni, unayabandika juu yake, unaendelea. Kuna trekta zilikuwa na makapi manne, matano kwenye dashibodi, yamekauka kama viota vya nyigu. Na zilifika. Nyingine hazikufika, lakini hizo zilikuwa na shida nyingine.

Basi nikanyoosha mkono polepole, kama mtu anayejikuna, nikaweka kidole gumba juu ya ile taa.

Rubani akageuka. "Mzee, toa kidole."

"Nimeiziba tu isikusumbue."

"Hainisumbui. Toa."

"Kijana, sikiliza mtu mzima. Taa ni kama mtoto anayelia akitaka kubebwa. Usipomwangalia, ananyamaza."

"Mzee, toa kidole."

Nikatoa. Akarudi kwenye kitabu chake. Ndege ikaanza kuinama upande mmoja, tunageuka, na nikaona msitu umesimama dirishani kama ukuta. Nikaona hapana. Nikatema chingamu kwenye kiganja, nikaifinyanga kidogo, nikaibandika juu ya taa. Ilikaa vizuri kabisa. Ilikuwa nyeupe, na taa kwa ndani ikaifanya ya waridi. Ilipendeza hata.

Rubani aliinua macho.

"Mzee. Umeweka nini hapo?"

"Wapi?"

"Hapo."

"Kwetu huwa tunatumia makapi," nikasema, "lakini sina makapi."

Kutoka nyuma yangu nikasikia sauti ya afisa, taratibu sana. "Kwa nini usiwe na makapi? Kitanda chako hakitafuniki?"

Nikajua amekwisha kujua. Nadhani alijua tangu mizanini. Rubani akabandua chingamu kwa kucha, akaniwekea kiganjani kama mtu anayerudisha chenji, akasema, "Ishike hiyo kwa mikono miwili mpaka tushuke." Nikaishika kwa mikono miwili. Ndiyo sababu sikugusa kitu tena, na mpaka leo naamini kijana yule alisoma sana, si kitabu kile kimoja tu.

Tukatua vizuri, laini, kuliko hata trekta inavyoingia uwanja wa kanisa.

Tatizo ni kwamba ukoo wangu ulikuwa bado haujaondoka. Walikuwa wameanza kula. Hebu fikiria umemuaga mtu mpaka machozi yakakukauka, umechukua paja la kuku, unauma mara ya kwanza, na mtu mwenyewe anashuka kutoka angani. Wamama wakaacha kutafuna. Mmoja akaanza wimbo wa shukrani, akaona wengine hawaitikii, akaacha.

Wa kwanza kunifikia alikuwa jirani.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi."

"Na ule mpaka?"

"Mpaka gani?"

"Ule ulionipa mbele ya watu, sasa hivi tu. Chakula hakijapoa."

"Nilikupa nikiwa nakufa."

"Na hukufa."

"Ndiyo maana nasema tuzungumze."

"Mimi nilishalia," akasema jirani. "Machozi yangu utanirudishia vipi?"

Sikuwa na nafasi ya kumjibu, maana rubani alikuwa amefika mlango wa nyuma, na shemeji yangu alikuwa amesimama hapo akiangalia mbingu. Mlango ukafunguliwa. Sababu ilionekana mara moja, hata mtoto angeiona. Shemeji alipakia blanketi langu kama anavyopakia trela. Kwenye trela miwa huachwa ncha zikitokeza nyuma, ndivyo unavyojua imejaa. Alisukuma mpaka miwa ikagoma, kisha akafunga kwa bega. Ncha moja ilikuwa imetoboa blanketi, ikasimama katikati ya mlango na kile kidude kinachoiambia taa kwamba mlango umefungwa. Mlango ulifungwa, lakini haukufungika.

"Nani amepakia hivi?" rubani akauliza.

"Imejaa vizuri," shemeji akasema. "Haikudondoka hata mmoja."

Hata mmoja. Miguu ya kitanda haidondoki mmoja mmoja. Rubani akavuta blanketi, kamba ikafunguka, na miwa kumi na miwili ikateremka chini kwa kelele yake ile ambayo kila mtu kwetu anaijua hata akiwa usingizini. Afisa wa mashamba alikuwa amesimama hapo, mikono nyuma. Akainama, akashika mmoja, akauangalia pale ulipokatwa, akaangalia macho ya muwa yanayochipua, akahesabu pingili.

"Huu haujafikisha zamu," akasema. "Huu ni wa shamba lako, upande wa juu, kando ya kijito. Mimi mwenyewe niliupima."

Nikavua kofia. Nikamweleza yote, binti, mimba, barua, kutapika, moshi wa Nairobi. Nikamwambia, nirudishe mwisho wa orodha kama ni lazima, lakini huyu mtoto apate muwa wake kwanza. Hapo sikuwa na mzaha.

Kabla afisa hajajibu, mke wangu alikuwa amefika. Alipita katikati yetu, akainua muwa mmoja kwa vidole viwili kama anayeinua panya aliyekufa.

"Ni hii?" akauliza. "Ni hii unampelekea mtoto?"

"Ni minene," nikasema.

"Minene ya kiwanda. Baba watoto, huu muwa husagwa kwa chuma. Mtoto ana meno ya chuma? Barua nilikusomea mara mbili. Alisema muwa wa nyumbani. Wa nyumbani ni wa jikoni, ule amekula tangu akiwa hivi." Akaonyesha magotini. "Na ule hakuna afisa aliyewahi kuuulizia. Si ndivyo?"

"Wa jikoni si wetu," afisa akasema. Nikaona kwa mara ya kwanza kwamba hata yeye anamwogopa mke wangu.

"Umeiba chako kibaya," mke wangu akaniambia, "ukaacha changu kizuri cha bure."

Ndivyo ilivyokuwa.

Kumbe wamama wa kanisa walikuwa wamekuja na ule wa jikoni kwenye trela, wa kutafuna njiani. Wakaanza kutafutatafuta chini ya viti na ndani ya kanga. Walikuwa wameutafuna karibu wote. Mitatu tu ilibaki mizima, na mmoja nusu, ambao mwenyewe aliutoa mdomoni, mke wangu akamrudishia. Ile mitatu tukaikata vipande vya urefu wa mkono, vikaingia kwenye kikapu kidogo cha mayai. Rubani akakiangalia kikapu, akakitikisa, akasema hiki unakipakata.

Lakini afisa hakuwa amemaliza. Akatoa kalamu nyuma ya sikio.

"Miwa ya mkataba ikishakatwa haitupwi na hailiwi," akasema. "Inapelekwa mizani. Hii kumi na miwili iende kiwandani leo, kwa trekta, kwa jina la mwenyewe."

Ndugu yangu mdogo akafikiri ni utani. Haukuwa utani. Alipanga foleni kiwandani na trela yenye miwa kumi na miwili, trekta mbele na trekta nyuma, kila dereva anakuja kuchungulia ndani ya trela halafu anamtazama yeye usoni. Alikaa siku mbili. Walipima, na juu ya miwa kumi na miwili wakatoa uchafu. Karatasi ya mizani ninayo, nimeitundika ukutani.

Na sasa kicheko chenyewe. Sheria ya kampuni ni kwamba shamba likishafunguliwa, yaani muwa wake wa kwanza ukishapita mizani, haliachwi nusu, lazima wakataji wamalize. Karatasi ilisema langu limefunguliwa. Wakataji wakaja wiki hiyo hiyo, kabla ya zamu yangu, na kabla ya jirani zangu wote. Afisa aliponiadhibu, sijui kama alilijua hilo au alikuwa anafuata kitabu chake tu, kama rubani. Sikumuuliza kamwe. Kitu kimoja tu, mimi sikuwapo, nilikuwa Nairobi, na aliyejitolea kuwaonyesha wakataji mpaka ulipo alikuwa jirani. Akawaonyesha wake mpya. Nyumba ikianguka siku moja, ile meza ni yangu, nimeshamwambia.

Lakini nimekwenda mbele sana. Tulikuwa bado uwanjani. Tukapanda tena. Safari hii rubani alinikalisha nyuma kabisa, mbali na taa zote, na mbele akamweka afisa. Nilimsikia akimwambia, "Wewe chingamu nakupa, lakini ukishaitafuna imeze." Jirani alinikimbilia mpaka kwenye bawa akiuliza kama sasa, kwa kuwa naenda tena, nitasamehe tena. Mlango ukafungwa bila bega. Taa sikuiona ilivyokuwa, lakini nilimwangalia rubani kisogoni njia nzima, na kisogo kilikuwa kimetulia.

Nilifika kwa binti yangu jua likiwa bado juu. Alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti kidogo, amekonda mashavu, tumbo mbele. Hakunisalimia hata. Aliona kikapu, akachukua kipande, akakimenya kwa meno pale pale, akaanza. Sijawahi kuona mtu akitafuna hivyo, polepole, macho yamefungwa, kama anasikiliza kitu. Akamaliza cha kwanza. Akangoja. Mimi pia nikangoja kuona kama kitarudi. Hakikurudi. Akachukua cha pili.

"Huu ni wa mama," akasema, makapi yakiwa shavuni.

"Wa nani tena?"

"Nilidhani utaniletea ule wako wa kiwanda."

"Mimi?" nikasema. "Mimi sina akili?"

Akacheka, na alikuwa hajacheka wiki nyingi, mume wake aliniambia baadaye. Akauliza kama niliogopa huko juu. Nikamwambia kuogopa nini, ilikuwa taa moja tu, nikamsaidia rubani kidogo, tukafika.

Akanishika mkono ili ainuke kwenye kiti, halafu akauachia, akaangalia vidole vyake, akaangalia kidole changu gumba.

"Baba," akasema, "mbona una chingamu?"